Kutafuta Jela ya Babu Mombasa

Ukoo wetu ulinituma Mombasa kutafuta mwaka. Fundi wa kuchonga mawe ya makaburi pale Voi alikuwa amemaliza jiwe la Babu Elisha, jina lake juu, na chini yake maneno haya: "Alifungwa na mkoloni kwa ajili ya nchi hii, mwaka wa". Hapo fundi akasimamisha patasi yake akauliza, mwaka gani? Tukatazamana. Tulikuwa watu zaidi ya arobaini tuliokulia katika hadithi ya kifungo cha Babu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuuliza kilikuwa lini, wapi, au kwa kosa gani.

Baba Mkubwa Mwadime, kaka wa marehemu baba yangu na mwenyekiti wa kila kamati anayoiunda mwenyewe, akanichagua mimi. Mimi ni mwalimu wa historia. Nimefundisha Hali ya Hatari kwa miaka kumi na minane, na kila mwaka nikifika kwenye habari za vizuizini hufunga kitabu, nikashusha sauti, nikawaambia wanafunzi kwamba babu yangu mzaa baba, karani wa bandarini, aliteswa na mkoloni miaka miwili. Darasa zima hunyamaza. Ni kipindi changu bora.

"Ulete mwaka," Baba Mkubwa aliniagiza. "Ukipata na jina la jela, itakuwa vizuri zaidi."

"Na nikikosa?"

"Utakosaje, Wakesho? Mtu alifungwa."

Sherehe ya kuzindua kaburi ilikuwa Jumamosi, nyumbani Wundanyi. Mchungaji alikuwa ameshaalikwa na ng'ombe ameshachaguliwa. Kati ya wahusika wote, ng'ombe peke yake ndiye ambaye hakupewa nafasi ya kutoa hotuba.

Jumatatu asubuhi nilipanda basi Voi. Barabara ya Mombasa haina cha kusimulia isipokuwa malori, na malori nayo hayana cha kusimulia. Nilitumia muda huo kuandika kwenye daftari maswali ya kitaalamu: jina la kizuizi, nambari ya mfungwa, mashahidi. Nilijiona mtafiti.

Saa saba mchana nikashuka Mwembe Tayari. Joto lilinipokea kabla ya mtu yeyote. Kabla sijapata mkoba wangu nilikuwa nimeshauziwa maji, soksi na tiketi ya kurudi nilikotoka. Nikachukua tuktuk hadi Tudor, kwa Shangazi Mkawasi.

Shangazi ndiye mtoto wa kwanza wa Babu. Ni nesi mstaafu anayekaribia miaka themanini, na anakaa peke yake katika fleti ya ghorofa ya pili. Nilimkuta ameshapika samaki.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya jiwe."

"Umejuaje?"

"Mwadime amenipigia simu mara tano. Anasema natakiwa kukumbuka."

"Na unakumbuka?"

"Nakumbuka mengi. Kaa ule."

Nilifungua daftari kando ya sahani. Nikamwambia kwamba kwa hesabu zangu alikuwa na umri wa kama miaka minane Babu alipochukuliwa na wazungu.

"Mama alisema amechukuliwa," akajibu, akanitolea mwiba kwenye samaki kama ninavyotolewa tangu utotoni.

Mwalimu wa historia mwenye uzoefu wa miaka kumi na minane aliandika kwenye daftari: "Shangazi amethibitisha."

Nilipomsukuma zaidi alisema walikuwa wamepanga Bondeni, katika nyumba ya Mswahili mmoja aliyeitwa Mzee Athumani. Mzee alikuwa na nyumba nyingine Mji wa Kale, mtaa wa Kuze, na huko ndiko binti yake Bi Zuhura anakokaa mpaka leo. "Muulize yeye. Mimi niliahidi kutosema."

"Ulimwahidi nani?"

"Samaki anapoa, Wakesho."

Jumanne asubuhi sikwenda Kuze moja kwa moja. Nilianza na Ngomeni, kwa sababu kila aliyesoma anajua kwamba ile ngome ya Wareno ilikuwa gereza wakati wa Mwingereza, na mtafiti huanza na gereza. Nje ya lango akanidaka mwanamume mmoja mwenye miwani myeusi aliyejiita mwelekezi. Nikamweleza shida yangu.

"Babu yako aliitwa nani?"

"Elisha."

"Elisha," akarudia, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Namjua. Yaani, habari zake nazijua. Alikuwa chumba cha pembeni, kile kinachotazama bahari. Wazungu walimwogopa sana."

Haujawahi kutokea katika taaluma yetu ushahidi uliopatikana haraka kiasi hicho. Nikamuuliza alifungwa mwaka gani, naye akaniuliza nilitaka mwaka gani. Naungama kwamba nilisita. Ningekubali pale pale ningekuwa Voi kabla ya chai ya jioni, na jiwe lingekamilika, na ukoo ungefurahi, na leo nisingekuwa na haya ya kuandika. Nikamshukuru, nikaondoka.

Adhuhuri nilifika Bondeni. Nyumba ya Mzee Athumani ilikuwepo, ila chumba cha mbele kimekuwa duka la kuuza makava ya simu. Mwenye duka aliniruhusu nichungulie uani. Uani palikuwa na sakafu ya saruji, mfereji mmoja, na milango mitatu imepangana upande wa kushoto. Nilipiga picha mlango wa kwanza, ambao Shangazi alisema ulikuwa wetu. Mlango wa pili sikuupiga picha. Sikuwa na sababu.

Baada ya sala ya alasiri nikabisha hodi Kuze.

Bi Zuhura anakaribia miaka tisini. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha miti juu ya zulia, leso mbili mwilini, mkongojo kando. Tuliamkiana kwa muda wa kutosha kuchemsha birika la kahawa: alinijulia hali mimi, wanangu, walio nyumbani, walio kazini na walio safarini. Ndipo akaniambia, "Ndoo ukae karibu, mato yangu hayaoni mbali. Sasa niambie u nani."

"Mimi ni mjukuu wa Elisha, Bi. Yule karani wa bandarini aliyepanga kwa marehemu baba yako, Bondeni."

"Elisha Karani," akasema. "Mwenye mwandiko."

"Huyo huyo. Nimekuja kuuliza mwaka aliofungwa."

"Aliofungwa nani?"

"Babu."

Alinitazama kidogo, kisha akaanza kucheka, polepole, mkono kifuani, mpaka mjakazi wa jirani akachungulia dirishani kuona kuna nini. "Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "babuyo hakufungwa. Babuyo alifungiwa mlango."

"Na nani?"

"Na bibiyo."

"Akaenda wapi?"

"Akaja hapa." Akagonga sakafu kwa mkongojo. "Chini yako hapo, chumba cha stoo. Miaka miwili kasoro."

Nilikuwa nimetembea kwa miguu kutoka Bondeni hadi Kuze. Ni mwendo wa dakika kama kumi na tano, kwa mtu anayesimama njiani kununua kashata. Huko ndiko mkoloni alikomhamishia Babu, mbali na mkewe na wanawe. Bi Zuhura alikuwa bibi harusi wakati huo, ameolewa na bado anakaa kwa wazazi wake, kwa hiyo aliyaona mateso yote kwa macho yake. Kila asubuhi mfungwa alivaa tai akaenda kazini. Jioni alirudi akacheza karata na Mzee Athumani. Ijumaa alikula pilau.

"Sasa hadithi ya jela ilitoka wapi, Bi?"

"Kwa bibiyo. Watu wa kanisa walimuuliza mumewe yuwapi, naye aseme nini? Siku zile kila asiyeonekana alikuwa amechukuliwa. Akawambia, amechukuliwa. Wakamletea unga."

Nakiri nilikuwa nimeanza kufurahi. Nilishaona uso wa Baba Mkubwa nikimpa habari hizi. Nikauliza kwa utani, "Kwani Babu alikuwa na mwanamke mwingine?"

Bi Zuhura aliacha kucheka. "Laiti ingekuwa mwanamke," akasema.

Ndipo akanieleza habari za mlango wa pili.

Katika chumba cha pili alikaa Ndirangu, seremala kutoka bara, upande wa Mlima Kenya, na mkewe Nyambura na watoto wao watatu. Nyanya yangu Mghoi na Nyambura walipika jiko moja. Nyambura ndiye aliyemzalisha Nyanya mtoto wa pili, kwa kuwa mkunga alichelewa, na huyo mtoto wa pili ndiye Baba Mkubwa Mwadime. Hali ya Hatari ilipotangazwa kupambana na uasi wa huko bara, mzungu wa ofisi ya Babu alimwambia aandike wapi wanakaa watu wote wa kabila la Ndirangu anaowajua mjini. Babu alikuwa na mwandiko mzuri kuliko makarani wote, na alipenda kusifiwa. Akaandika.

"Alijua ni ya nini, hiyo orodha?"

"Yeye alimwambia baba yangu hakujua. Baba akamwambia, sawa. Mimi nilikuwa nikiwamiminia kahawa, na sikumwamini, na Baba pia hakumwamini."

Walikuja asubuhi, jua limeshapanda. Ndirangu alikuwa uani akipiga randa ubao wa kitanda. Askari alikuwa na karatasi mkononi lakini hajui kusoma vizuri, akampa Nyanya Mghoi amsomee, maana alimwona amevaa kama mtu wa misheni. Nyanya alikuwa amesoma. Akatazama ile karatasi, akaona jina la jirani yake, na nyumba, na chumba cha pili upande wa kushoto, kwa mwandiko ule ule ambao Babu alikuwa akimwandikia barua za uchumba.

"Akawambia hamjui mtu huyo," alisema Bi Zuhura. "Akasema, hapa hakuna. Na Ndirangu amesimama pale pale. Basi Ndirangu akaweka randa tini, akasema, 'Ni mimi. Mwacheni mama wa watu.' Wakamtwaa."

Nyambura na watoto walirudishwa bara baada ya siku chache. Babu aliporudi kutoka kazini siku ile ya kwanza alikuta sanduku lake limewekwa nje, nguo zimekunjwa vizuri, na juu yake kalamu.

Nilikuwa nimeacha kuandika. Bi Zuhura alinipa kahawa, akaendelea bila kuulizwa. Miaka miwili kasoro ilipita. Shangazi Mkawasi akaugua surua, homa kali, akawa anamlilia baba yake. Nyanya akatuma ujumbe Kuze: mwambieni Karani kifungo chake kimekwisha. Akarudi. Jumapili iliyofuata kanisa lilimwimbia. Mchungaji wa wakati huo akamsimamisha mbele atoe ushuhuda wa mateso yake, naye akasimama muda mrefu, akashindwa kusema neno, akaketi. Watu wakalia. Wakasema, tazama unyenyekevu wake.

"Baada ya hapo angesemaje?" Bi Zuhura aliuliza. "Walishamvika ushujaa."

Siku ya uhuru waliomvika walimtafuta akakae mbele pamoja na waliotoka vizuizini, akasema ana homa. Alikuja kujificha hapa Kuze. Mzee Athumani naye hakuwa na hamu ya sherehe, kwani yeye alitaka Pwani ibaki na bendera nyekundu ya Sultani, na alikuwa nayo sandukuni. Mji mzima ulikuwa nje ukishangilia, na wanaume hao wawili wamejifungia uani, mmoja anamlilia Sultani, mwingine hasemi anamlilia nani, wanacheza karata. "Bendera tuliikata foronya," Bi Zuhura akaongeza. "Kitambaa kilikuwa kizuri."

Nilikumbuka kwamba Babu, hata alipozeeka Wundanyi, aliugua kila sikukuu ya taifa. Sisi wajukuu tuliambiwa ni majeraha ya jela.

"Na Ndirangu alirudi?"

"Mara moja, kabla ya uhuru. Alikuja kutwaa randa na misumeno yake, Baba alimwekea. Mkono wake huu haunyooki tena. Akauliza Karani yuko wapi. Babuyo alikuwa hapa hapa, amejifungia chooni."

"Alitaka kumfanya nini?"

"Alitaka amwandikie barua. Alikuwa akimtafuta mkewe, na yeye hajui kuandika, na mwenye mwandiko mzuri aliyemjua ni Karani. Akangoja, akangoja. Mwisho akaandikiwa na mtu mwingine, akenda zake."

Sikuuliza kama Ndirangu alijua nani aliyeandika ile orodha. Nilimbusu Bi Zuhura mkono nikashuka ngazi. Chini, mlango wa stoo ulikuwa wazi. Siku hizi wanaweka mitungi ya gesi.

Jumatano asubuhi, Tudor, nilimwambia Shangazi yote wakati wa chai. Alisikiliza huku akipaka siagi mkate.

"Nilimwona," akasema mwishowe. "Kabla ya surua. Mama alinituma mtaa wa Ndia Kuu, nikamwona Baba anakunywa kahawa na wazee. Akaweka kidole mdomoni. Nilipomwambia Mama, akaniambia nisimwambie mtu maisha yangu yote. Nikaahidi."

"Mama yako amekufa zamani, Shangazi. Na umemwacha Baba Mkubwa aagize jiwe."

"Na wewe je, utamwambia?"

Nilisema bila shaka nitamwambia. Mimi ni mwanahistoria.

Alhamisi jioni, Wundanyi, nilimwambia. Nilimketisha peke yake sebuleni nikaanza na stoo ya Kuze, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nyepesi. Baba Mkubwa alifikiri sana.

"Kwa hiyo ni kifungo cha nyumbani," akasema.

"Cha nje ya nyumbani, Baba Mkubwa."

Nikamweleza sehemu ya pili. Alinyanyuka akafunga dirisha ingawa hapakuwa na upepo. "Watu mia mbili wanakuja Jumamosi," akasema. "Usiyaseme hayo mbele yao. Nakuomba."

Nikakubali. Mimi niliyewahukumu marehemu kwa kukaa kimya nilihitaji sekunde tatu tu kufanya kama wao.

Jumamosi saa nne asubuhi jiwe lilikuwa limefunikwa shuka nyeupe. Fundi hakupewa mwaka, kwa hiyo aliacha pengo lake kama lilivyo. Wanakwaya waliimba, shuka ikavutwa, na mchungaji, ambaye alikuwa ametayarisha mahubiri juu ya mashujaa, akaanza kusoma kwa sauti nene: "Alifungwa na mkoloni kwa ajili ya nchi hii, mwaka wa..." Akasimama. Akainama aangalie kama maandishi yanaendelea nyuma.

Hapo Shangazi Mkawasi alinyanyuka. Hakuna aliyemtarajia, alikuwa hajapanda milima yetu kwa miaka mingi, na alikuwa ameshuka kwenye gari dakika chache tu zilizopita. Hakuomba kipaza sauti.

"Baba yangu hakufungwa," alisema. "Aliyefungwa ni Ndirangu, seremala, jirani yetu wa Bondeni. Baba ndiye aliyeandika jina lake. Aliona aibu mpaka akafa, na mimi nilimpenda. Niliahidi kutosema, sasa nimesema."

Akaketi. Mtu mmoja alikohoa. Mchungaji alipindua karatasi zake, moja, mbili, tatu, akitafuta mahubiri ambayo hakuwa ameyaandika, kisha akasema tuombe. Tuliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufumbua macho.

Watu walikula, kwani ng'ombe alikuwa ameshakufa kwa ajili ya nchi hii. Wengine walisema Shangazi amezeeka, akili imechoka. Wengine walikuja kunishika mkono. Nilichojifunza katika safari hii ni kidogo, na ningeweza kukijifunza bila nauli: kwamba nimefundisha miaka kumi na minane uchungu wa mtu mwingine kwa jina la babu yangu, na kwamba nilipopewa nafasi ya kurekebisha, aliyesimama ni bibi wa karibu miaka themanini mwenye magoti mabovu.

Alasiri nilimkuta Baba Mkubwa nyuma ya nyumba, ameketi juu ya matofali yaliyobaki ya kaburi. Nilidhani atanifukuza. Akasogea nikakaa.

"Mke wa huyo seremala," akasema. "Uliniambia aliitwa nani?"

"Nyambura."

Akafuta vumbi kwenye viatu vyake vya sherehe kwa kidole.

"Baba aliporudi, Mama alizaa mtoto wa kike," akasema. "Hakumaliza mwezi. Nilimbeba mara mbili au tatu. Aliitwa Nyambura. Tulipomzika nilimuuliza Mama mbona jina hilo si la kwetu. Akanijibu, ni jina la mtu tuliyemkosea."

Akanigeukia.

"Nilidhani alikuwa akimzungumzia yule mtoto."